Safari Ndefu kwenye Skrini Ndogo

Ikifika saa mbili usiku, fundi mmoja wa simu karibu na soko la Mutindwa, pale Umoja inapopakana na Buruburu, huteremsha dirisha la kibanda chake nusu, huzisogeza kando simu zilizovunjika vioo, na kufungua laptopu iliyolegea bawaba. Kazi anayoianza saa hiyo hailipwi na mtu. Anaunda upya gemu moja ya RPG ya zamani ya Kijapani ili ichezeke kwenye Game Boy, ile mashine ya mkononi ya mwaka 1989 yenye skrini ya pikseli 160 kwa 144 na vivuli vinne tu vya rangi. Gemu yenyewe sitaitaja kwa sababu si mali yake, naye analijua hilo. Anaijenga ajifunze, na anaijenga kwa mapenzi. Kuiuza hakumo katika hesabu zake.

Nilipopita kuchukua simu yangu nilimkuta amekwama kijijini. Kijiji chenyewe ni kidogo: nyumba sita, kisima, mti mmoja mkubwa na lango. Programu anayotumia ni GB Studio, ambayo Chris Maltby aliitoa bila malipo mwaka 2019, nayo inamruhusu vigae vya picha 192 visivyofanana katika mandhari moja, kila kigae pikseli nane kwa nane. Vigae vilikuwa vimemwishia. Lazima kitu kiondoke. Alikuwa amechora kivuli cha mti kilichotandaa mpaka uani kwa jirani, kivuli cha kupendeza kabisa. Alikuwa pia na mlango wa nyumba ya bibi kizee mmoja, mlango uliopasuka ubao wa chini. Akatazama hiki, akatazama kile, kisha akafuta kivuli chote na kuuacha mlango.

Nikamuuliza sababu.

"Mkubwa, huu mlango kuna mtu aliuvunja," akasema bila kuinua macho. "Anayecheza atamjua huyo mtu baadaye sana. Akirudi hapa lazima aukute."

Halafu akaanza kuhesabu. Katika gemu ya awali, kutoka langoni hadi kisimani ni hatua kumi na moja. Yeye alikuwa amekibana kijiji ili kikae vizuri kwenye skrini ndogo, na hatua zikabaki tisa. Akaikunja njia, akaizungusha nyuma ya mti, hatua zikarudi kumi na moja. Hakuna mchezaji hata mmoja atakayezihesabu. Lakini aliyewahi kukipita kijiji kile utotoni, kidole chake kitajua pale penye kisima kabla jicho halijafika, na fundi huyu anafanya kazi kwa ajili ya kidole hicho.

Tangu jioni ile nimekuwa nikitafakari ufundi huu ambao hatuusifu. Mshonaji wa Gikomba tunamsifu, seremala tunamsifu, mchoraji wa matatu siku hizi anaandikwa magazetini. Anayechukua gemu kuu ya zamani na kuifumua, akaisuka tena itoshee mkononi mwa mtoto bila kumpotezea mzee wake alichokipenda, huyo hana anayemtaja. Nami naona kazi yake ni ngumu kuliko ya aliyeanza na karatasi tupu. Anayeanza upya hujibu mtu mmoja, nafsi yake. Anayeunda upya huwajibu walioanza, hujibu mashine, halafu huwajibu maelfu ya watu ambao kila mmoja wao ana kijiji chake kichwani.

Sisi tuliokulia mitaa hii miaka ya tisini mwishoni tulizijua gemu kwa njia mbili. Palikuwa na TV game, yenye kaseti zilizoandikwa kwamba zina michezo mamia, kumbe ni ileile michache iliyobadilishwa majina. Na palikuwa na brick game, ile ya matofali yanayoanguka, iliyokula betri za redio ya mama. RPG haikuwa na nafasi katika nyumba zetu. Televisheni ilikuwa moja, na ikikaribia saa moja jioni ilikuwa ya taarifa ya habari, haijadiliwi. Gemu inayohitaji saa arubaini za safari huwezi kuimaliza kati ya kutoka shuleni na habari za saa moja. Isitoshe, kaseti zile za bei nafuu hazikuhifadhi chochote. Stima ikipotea, umepotea nayo.

Kwa hiyo RPG ilitufikia siku ilipoingia kwenye mashine ya mkononi. Kwetu ilikuja na shangazi wa jirani, aliyetoka Uingereza na Game Boy Color ya zambarau, kaseti moja tu ndani yake. Mwenye mashine alikuwa mvulana wa darasa la tatu na Kiingereza cha ndani ya gemu kilimshinda. Dada yake wa darasa la saba ndiye aliyekuwa msomaji. Tulikaa kwenye ngazi, sita au saba, yeye katikati, na kila mtu aliyesimama barabarani ndani ya ile gemu alisomewa sauti yake. Mwenye duka aliongea kama mwenye duka wetu. Mzee wa kijiji alikohoa kwanza. Mtoto aliyesema jambo lisilo na maana yoyote kwa safari yetu, kwamba anapenda kaptura, naye alisomwa kwa heshima zote.

Wavulana wakubwa walitaka tuharakishe tufike kwenye vita. Dada yule alikataa. Tukiingia mji mpya ilibidi tuongee na kila mtu, nyumba hadi nyumba, hata wale waliokuwa wakirudia maneno yaleyale. Alisema huwezi kuingia kwenye mtaa wa watu ukapita bila kusalimia. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa ameifahamu RPG kuliko waandishi wengi wa magazeti ya gemu niliokuja kuwasoma. Vita ni vya kila gemu. Hizi zilikuwa na miji ambayo watu wake walikuwa wakiishi kabla hujafika, na wangeendelea kuishi ukiondoka.

Na palikuwa na suala la mwanga. Skrini ile haikuwa na taa. Ilibidi jua lije kutoka nyuma ya bega, si usoni, wala si juu ya kioo moja kwa moja. Saa tisa tulikaa ngazi ya chini, saa kumi tukapanda, saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumebanana juu kabisa tukifuata kipande cha mwisho cha jua kati ya magorofa mawili. Nikiikumbuka gemu ile leo nakumbuka pia joto la sementi. Giza likiingia, msomaji alibonyeza pa kuhifadhi, na sote tulinyamaza mpaka maandishi yakasema imehifadhiwa, kwa maana tulijua ndani ya kaseti ile kuna betri moja ndogo, bapa kama sarafu, na safari yetu yote imelala juu yake.

Betri ile ilikufa, kama zilivyokufa nyingi. Kwenye kaseti za Pokémon Gold na Silver za mwaka 1999 ilikuwa na mzigo wa ziada: iliendesha na saa, ili usiku uwe usiku ndani ya gemu pia, na kwa hiyo ilichoka mapema. Leo ukiikuta kaseti ya aina hiyo kwenye marundo ya mitumba, uwezekano ni mkubwa kwamba kumbukumbu yake imekwisha kitambo. Fundi wangu wa Mutindwa hubadilisha betri hizo: huyeyusha solda mbili, huinua ya zamani, huchomelea mpya. Kaseti hufufuka. Safari hairudi.

Ndiyo maana nawapenda waundaji upya. Mwaka 2006 Final Fantasy III ilitoka kwenye Nintendo DS. Ya awali ilikuwa ya mwaka 1990, kaseti ya kilobaiti 512, na kwa miaka kumi na sita haikuuzwa nje ya Japani. Wenzake wote walivuka bahari. Yeye alibaki nyumbani. Hiromichi Tanaka, aliyekuwamo kwenye timu ya 1990, ndiye aliyeisimamia iliporudi, na kampuni ya Matrix Software ikaijenga kwa umbo la pande tatu. Sikiliza jambo walilokutana nalo. Ya zamani ilikuwa na watoto yatima wanne wasio na majina wala historia, sura moja mara nne, kwa kuwa nafasi haikuwapo. Mchezaji ndiye aliyewapa majina. Waundaji upya wakaamua watoto hao lazima wawe watu, wakawaita Luneth, Arc, Refia na Ingus, kila mmoja na kwao na tabia yake.

Mimi ningewaacha bila majina. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi walioifahamu gemu hiyo kwa mara ya kwanza kwenye DS hawataki kusikia. Ukimpa mtoto jina la rafiki yako wa ploti, anakuwa rafiki yako, na akianguka vitani unaumia kwa namna ambayo mwandishi wa Tokyo hawezi kuipanga. Hata hivyo siwalaumu. Kwenye skrini ya 1990 mtoto alikuwa pikseli chache na akili yako ilijaza zilizobaki. Ukishampa sura, macho na mwendo, hawezi kukaa kimya, atakuwa kama sanamu. Kila unachoongeza kinakudai kingine. Fundi mzuri hujua deni hilo kabla ya kuongeza.

Kazi ninayoiweka juu ya zote ni Pokémon HeartGold na SoulSilver za mwaka 2009, zilizoundwa upya kutokana na zile Gold na Silver nilizozitaja. Za awali zenyewe zilikuwa muujiza wa kubana: Satoru Iwata, ambaye baadaye aliiongoza Nintendo, aliwaandikia wajenzi programu za kufinya picha ili gemu kubwa ienee kwenye kaseti ndogo. Miaka kumi baadaye nafasi ilikuwapo tele. Rangi zikaongezwa, milima ikapata kina, muziki ukapangwa kwa ala nyingi. Lakini ukifika mbali sana, baada ya kukusanya beji zote kumi na sita, unapewa redio ndogo. Ukiiwasha, muziki wote unarudi kuwa ule wa Game Boy, sauti zilezile nyembamba za 1999. Nani aliyewaomba? Hakuna. Ilibidi mtu akae aandike upya nyimbo zote mara mbili, za leo na za jana, kisha afiche za jana mahali ambapo atazikuta tu aliyevumilia njia yote. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa kazi ya mtu aliyekutangulia.

Na lile suala la mwanga. Game Boy Advance ilipotoka mwaka 2001 haikuwa na taa nayo. Kampuni ya TOSE ya Kyoto, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilipewa kazi ya kuzihamishia hapo Final Fantasy za zamani, moja baada ya nyingine, kuanzia 2004 hadi 2006. TOSE ni kampuni ya ajabu: imefanya gemu nyingi ajabu na mara nyingi hulitoa jina lake kwenye orodha ya waliotenda. Mafundi wake walizikuta picha za miaka ya tisini, zilizochorwa kwa ajili ya televisheni inayong'aa yenyewe, zenye mapango meusi na usiku wa buluu nzito. Kwenye skrini isiyo na taa mapango hayo yangekuwa kioo cheusi tu. Kwa hiyo walizipandisha rangi, pango kwa pango, uso kwa uso, zikawa nyepesi kuliko zilivyotakiwa kuwa. Ukizitazama leo kwenye skrini yenye taa zinaonekana zimepauka, na wapo wapenzi walioandika programu za kuzirudishia rangi za mwanzo, wakilalamika kwamba TOSE waliharibu. Hawakuharibu. Mtu aliyekaa Kyoto alimfikiria mtoto aliyekaa ngazini akitafuta jua, na akamkopesha mwanga kidogo. Sisi tuliohama ngazi moja baada ya nyingine tunaweza kumshukuru, ingawa jina lake halikuandikwa popote.

Wakati mwingine ujasiri uko katika kuacha. Persona 3 ya mwaka 2006 ilikuwa gemu ya PlayStation 2, na ndani yake ulitembea shuleni na mjini kwa miguu. Ilipoletwa kwenye PSP mwaka 2009, wajenzi wake wa kampuni ya Atlus waliondoa kutembea huko kote. Mji ukawa picha zilizotulia, na wewe unasogeza alama juu yake kuchagua wa kuongea naye. Kwa kubadilishana waliongeza jambo kubwa: unaweza kuanza safari kama msichana, na urafiki wake na watu si nakala ya ule wa mvulana. Inaniuma kupoteza miguu, siwezi kuficha. Lakini waliacha kwa kujua walichoacha na wakalipa kwa kitu cha thamani. Dragon Quest VII nayo, ya mwaka 2000, ilisifika na kulaumiwa kwa kukufanya uzurure saa nzima na zaidi kabla ya vita vya kwanza. Ilipoundwa upya kwa Nintendo 3DS mwaka 2013 sehemu hiyo ilifupishwa. Walioisifu ni wengi. Nadhani yule dada wa ngazini angenuna.

Panda matatu namba 58 uende Buruburu ukaone upande wa pili wa ufundi huu. Nyumba zile zilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, paa za vigae vyekundu, zimepangwa kuzunguka viwanja ambapo mama aliyesimama jikoni alimwona mtoto akicheza. Aliyezichora alifikiri. Kisha kila mwenye nyumba akaanza kuongeza: chumba mbele, duka kwenye ua, ghorofa juu ya duka, ukuta. Kila chumba kilichoongezwa kina sababu, kodi ya nyumba haijilipi. Lakini hakuna aliyeuliza kwanza kwa nini dirisha la jikoni lilielekea kule lilikoelekea. Leo mama jikoni anatazama ukuta.

Hivyo ndivyo gemu nyingi za zamani zinavyorudishwa siku hizi. Mwaka 2018 Chrono Trigger, ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa RPG bora ya mwaka 1995 na hata ya muongo wake, ilitolewa kwa kompyuta. Kilichotolewa kilikuwa kimechotwa kwenye toleo la simu: herufi zisizolingana na picha, orodha zilizotanuliwa kwa ajili ya vidole mahali pasipoguswa na kidole, mistari ikionekana kati ya kigae na kigae. Wapenzi walipiga kelele, na wenye kampuni wakarekebisha kwa awamu, miezi kadhaa. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba njia ilikwishaonyeshwa. Miaka kumi nyuma, mwaka 2008, TOSE walewale waliihamishia gemu hiyohiyo kwenye Nintendo DS, wakampa mchezaji hiari: orodha ziende kwenye skrini ya chini ya kuguswa, au zikae kama zilivyokaa tangu 1995. Kazi nzuri ilikuwapo, imekamilika, kwenye kabati la kampuni yenyewe.

Kama kabati lipo. Kingdom Hearts ya kampuni hiyohiyo ilipotayarishwa upya kwa toleo la mwaka 2013, iligundulika kwamba data ya awali ya 2002 imepotea, na wajenzi wakalazimika kuchimbua ndani ya gemu iliyokwisha kuuzwa ili wapate vipande vya kuanzia. Final Fantasy Tactics ya mwaka 1997 iliporudi mwaka 2025, hali ilikuwa hiyo tena: programu ya asili haikuwapo, ikabidi ijengwe kwa kuyachunguza matoleo yaliyowahi kutoka. Hizi si gemu za vichochoroni. Ni kazi zilizouza mamilioni, za kampuni yenye majumba na walinzi, na hakuna aliyekumbuka kuweka nakala. Mama zetu wametunza vyeti vya kuzaliwa ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda kwa miaka hamsini.

Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la 3DS, na gemu zilizokuwa zikiuzwa humo pekee zikawa hazinunuliki tena kwa njia halali. Mwaka huohuo taasisi ya Video Game History Foundation ilichapisha utafiti wake: kati ya gemu za zamani zilizowahi kuuzwa Marekani, asilimia 87 hazipatikani madukani. Hiyo ni Marekani, penye makumbusho na wanasheria. Kwetu ni nani aliyewahi kuhesabu?

Kilichokuja badala ya utunzaji ni wingi. Kuna vifaa vya mkononi vya Kichina vya bei ya chini vinavyokuja na maelfu ya gemu ndani, zimemwagwa humo ovyo, nyingine zikijirudia. Nimemtazama mtoto wa dada yangu akiwa na kifaa kama hicho. Alifungua RPG, akaona mzee akianza kuongea, akabonyeza haraka mzee anyamaze, akazunguka kijiji mara moja, akatoka, akafungua nyingine. Hana kosa. Aliyepewa njia elfu kwa mkupuo hawezi kuingoja moja imfikishe mahali. Sisi tulikuwa na moja, na ilitubidi tuipende. Skrini yake ina taa kali kuliko jua letu la saa kumi, betri inajazwa kwa waya, na safari inahifadhiwa popote apendapo, hata katikati ya sentensi. Kila kilichotutesa kimeondolewa. Pamoja nacho kimeondoka kitu kilichotufanya tubanane ngazini mpaka giza, na sijui mashine ya kukirudisha.

Nimgeukie fundi mmoja wa kwetu ambaye jina lake linastahili kutajwa kwa ufahari. Mwaka 2007 kijana Mkenya, Wesley Kirinya, alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta ya pande tatu ambayo shujaa wake ni msichana Mwafrika. Alijifunza mwenyewe kuijenga, wakati ambapo Nairobi haikuwa na shule ya kazi hiyo wala intaneti ya maana. Miaka miwili baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, wakaendelea na kazi za simu na vibonzo. Nyangi alibaki pale alipozaliwa, kwenye kompyuta za zama zake.

Sijawahi kumwona Nyangi kwenye kifaa chochote cha mkononi. Vijana wa Umoja wanaojenga gemu zao kwa GB Studio wanaweza kukutajia kwa mwaka gemu zote za Tokyo na Kyoto, na wengi wao hawajamsikia. Wanaziunda upya kumbukumbu za watoto wa Osaka kwa uaminifu unaonitoa machozi, hatua kwa hatua, na yule wa kwao hana wa kumpa hata kijiji kimoja. Siwaambii waache za Kijapani; wamezilipia kwa utoto wao, na ufundi wao umetoka humo. Lakini fundi anayeweza kukifuta kivuli chote cha mti ili mlango mmoja uliovunjika ubaki, huyo ndiye mtu ninayetaka amshike Nyangi. Nilimwambia hivyo kijana wa Mutindwa. Akaniuliza faili zake ziko wapi.

Hilo ndilo swali, na halina muda mrefu. Diski za miaka ile zinaoza kwenye droo za watu. Laptopu zilizoandikiwa gemu za mwanzo za Nairobi zilikwisha kuuzwa kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu, au ziko kwenye stoo za nyumba za wazazi huko Donholm na Kayole, zimewekewa ndoo juu. Walioziandika si wazee, ni watu wa rika letu, wengi wanaamkia kazi za benki na za kampuni za simu, na ukimpigia mmoja wao leo bado anaweza kukumbuka aliiweka wapi.